Samaki wa Wifi

Kama kuna mtu aliyekuwa hajui kwamba Shangazi ana donge na wifi yake, basi mtu huyo hakuwahi kukanyaga karakana ile. Hata seremala wa makasha, ambaye kazi yake ilikuwa kupigilia misumari na kupiga porojo, alijua. Akisikia Shangazi anatua kikombe mezani kwa kishindo, alikuwa anasema chinichini, "Leo wifi kasifiwa," na hakukosea hata mara moja.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba yao, chumba kirefu cha bati chenye madirisha upande mmoja, na kila kitu humo kilikuwa cheupe kwa vumbi la mawe: meza, viti, birika, nyusi za watu. Kazi yao ilikuwa kusafisha samaki. Si samaki wa kukaanga! Samaki wa jiwe, visukuku, viumbe waliokufa majini zamani sana, kabla hajazaliwa mtu wa kuwavua. Matope yakawafunika, na matope yakageuka mwamba. Wachimbaji walileta vibao vya mawe kutoka machimboni, na ndani yake mlikuwa na samaki, au kamba, au kaa, au konokono wa baharini waliojisokota, na siku ya bahati, kasa mchanga. Sasa kiumbe huyo umtoe kwenye jiwe bila kumwumiza. Unaanza na patasi, unahamia kwenye kalamu ya hewa, kidude chenye ncha ya chuma inayotetemeka kwa nguvu ya kompresa, halafu sindano, halafu brashi, na mwisho unapuliza kwa mdomo wako mwenyewe. Ukiwa mtu wa haraka, nenda kauze nyanya.

Mwenye karakana alikuwa Fundi, mdogo wake Shangazi. Baba yao alipofariki alimwachia mtoto wa kiume, ingawa aliyekuwa akikaa naye mezani siku zote, akila vumbi pamoja naye, ni binti. Shangazi hakufungua mdomo. Alimlea mdogo wake, akamfundisha kushika sindano, akamkemea alipovunja mbavu za samaki, na siku ya harusi yake akakaa kwenye kiti cha mama. Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Maana mke aliyeletwa siku hiyo bado anaitwa Bi Harusi mpaka leo, na watoto wake wanasoma. Alianza kuingia karakana kufagia na kuleta chai. Siku moja akaomba ajaribu naye. Shangazi akampa kibao kibovu chenye nusu ya samaki, kwa wema au kwa kutaka kumcheka, Mungu ndiye ajuaye. Bi Harusi akainama mpaka jioni. Alipoinuka, mbavu zote zilikuwa nje, moja moja, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, na hakuna hata moja iliyokatika. Shangazi akacheka, "Bahati ya mwanafunzi hiyo." Basi bahati ikaingia, ikakaa, ikakataa kutoka. Wanunuzi waliokuwa wakija wakasimama kwanza kwenye meza ya Shangazi, sasa wakawa wanapita, "Hujambo mama," na kwenda kuganda kwenye meza ya wifi. Na aliyemfundisha nani? Ni yeye! Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake na mikono yake. Kila alipokumbuka hilo roho ilimuuma upya.

Lakini jambo moja lilikuwa bado lake: lenzi. Katika karakana ile samaki hatoki mpaka apimwe na kupewa daraja. Daraja la kwanza ni samaki ambaye kila kinachoonekana ni chake, mfupa wake, gamba lake. La pili ni yule ambaye fundi amemwongezea kidogo, amemziba hapa na pale. La tatu ni aliyepakwa rangi, au aliyeharibika mikononi. Hao huuzwa kwa watu wa kutengeneza meza na kupamba mabafu. Na ipo sheria ya tangu enzi za baba yao, kwamba mtu hapimi samaki wake. Nyani haoni kundule, mzee alikuwa akisema, hata umpe lenzi. Kwa hiyo Fundi alipima samaki wa dada yake, na Shangazi, mwenye jicho kuliko wote, alipima wa Fundi na wa Bi Harusi. Lenzi ya baba ilining'inia shingoni mwake kwa kamba, na alikuwa haivui hata akienda sokoni, ila siku Fundi anapopima samaki wake.

Sasa sikia. Mwaka huo makumbusho makubwa ya taifa yakawa yanajenga ukumbi mpya. Wakamtuma mtu wao. Alitaka samaki mmoja tu, wa kukaa mlangoni ndani ya kioo, wa daraja la kwanza, si la pili, la kwanza. Na chini ya kioo, akasema yule bwana akijifuta vumbi kwenye suruali, kutakuwa na kibao cha shaba chenye jina la aliyemsafisha.

Shangazi akaweka sindano chini. Samaki wake walikuwa wametapakaa kwenye majumba ya watu asiowajua, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba duniani kuna mwanamke aliyewainamia. Hakuolewa, hakuzaa. Nyumba aliyolala ilikuwa ya mdogo wake, na karakana ya mdogo wake. Jina lake na la baba yake, kwenye shaba, mlangoni, watoto wa shule wakipita wanalisoma! Alilitaka jina lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona aibu kulitaka.

Samaki alikuwa naye. Alikuwa dume la samaki, mkubwa, mwenye meno ya nje na mkia mpana, aliyemshughulikia msimu mzima wa mvua. Fundi alimpima asubuhi ileile, akasema daraja la kwanza, akampa dada yake mkono. Ingekuwa ndiyo mwisho wa habari. Ila saa hiyohiyo Bi Harusi akaja na wake, kamfunika kitambaa, akamweka kwenye meza ya kupimia chini ya dirisha.

"Wifi, na huyu naye umwangalie," alisema. "Kama hatafaa, basi."

Akafunua.

Seremala, aliyekuwa amekuja kuchukua vipimo vya kasha, akasahau futi yake mkononi. "Mama yangu! Huyu ukimkamulia limau anaamka!"

Hakuwa mkubwa. Lakini alikuwa na magamba yake. Samaki wa jiwe kwa kawaida unapata mifupa, na ukipata magamba ni viraka viraka, hapa kidogo, pale kidogo. Huyu alikuwa nayo kutoka shingoni mpaka mkiani, rangi ya kahawia iliyoiva, yamepangana moja juu ya jingine, na yanang'aa. Pezi la mgongoni limesimama kana kwamba ameshtuka sasa hivi. Shangazi alimwangalia. Alijua hapohapo, hakuna haja ya lenzi, kwamba bwana wa makumbusho akiingia hapa hatauliza hata yule wa pili yuko wapi.

Akashika lenzi. Alianza kichwani, akashuka mashavuni, akapita kwenye mbavu, gamba kwa gamba, kama mama anayemtafuta chawa mtoto. Alitafuta mahali palipozibwa, akakosa. Akatafuta mkwaruzo wa sindano, akakosa. Kila alipokosa, donge lilipanda.

"Magamba haya," alisema mwisho, "mbona yamekolea hivi?"

"Ndivyo yalivyotoka, Wifi."

"Ndivyo yalivyotoka! Mimi nimeshika samaki wa jiwe wewe hujaota meno, sijaona magamba yametoka hivi. Umepaka."

"Sijapaka, jamani!"

"Umepaka rangi, tena umepaka vizuri, hongera. Kaka yako wewe unaweza kumdanganya, mimi huwezi." Alikuwa amechanganyikiwa kwa hasira mpaka akamwita mume wa mtu kaka yake. Seremala akacheka, akajifanya anakohoa. "Fundi! Njoo hapa uone mkeo anachokifanya!"

Fundi akazima kompresa akaja. Shangazi tayari alikuwa na chupa ya spiriti na pamba. Ndivyo rangi inavyokamatwa: unalowesha pamba, unapitisha mara moja, na kama ni rangi inahamia kwenye pamba. Bi Harusi akanyoosha mkono. "Wifi, ngoja kwanza, hapo nilitia gun..."

"Mwenye haki haogopi pamba," Shangazi akamkata, na akapitisha.

Pamba ilitoka kahawia. Akapitisha tena, kwa nguvu, ubavu mzima. Kahawia tupu. Na pale ilipopita pamba, jiwe likabaki jeupe, na samaki akawa na mifupa tu kama samaki wengine.

"Haya!" Shangazi akaiinua pamba juu wote waione. "Nani muongo?"

"Ni gundi!" Bi Harusi alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Magamba yalikuwa yamelegea, niliyashikiza kwa gundi, nilitaka kukwambia..."

"Gundi haina rangi. Tangu lini gundi ikawa kahawia?"

Neno hilo lilikuwa kweli. Fundi aliangalia pamba, akamwangalia mkewe. Lenzi ilikuwa palepale, shingoni mwa dada yake, angeiomba. Hakuiomba. Dada akishapima, wewe nani wa kupima juu yake?

"Ungetuumbua mbele ya makumbusho," alimwambia mkewe, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Samaki wa kupaka. Katika karakana ya baba yangu."

"Daraja la tatu," Shangazi akasema.

Jioni ile nyumba ilikuwa kimya utadhani kuna msiba. Fundi alikula akiangalia ukuta. Bi Harusi alimwekea maji ya kunawa, akanawa bila kusema asante; akamuuliza kama aongeze mchuzi, akajibiwa na kijiko. Watoto wakawa wanaongea kwa kunong'ona. Shangazi, yeye alikula akashiba, akasugua sufuria huku akiimba. Kwa nini asiimbe? Alikuwa amemkamata mwizi.

Asubuhi aliingia karakana wa kwanza, afagie meza ya kupimia kabla wengine hawajaja. Pamba ilikuwa bado palepale, imekauka. Aliiokota aitupe, na jua la dirishani likaipiga, na ikametameta.

Rangi haimeti.

Shangazi aliiweka chini. Akaenda akafunga mlango. Akarudi, akashika lenzi, akainama. Ndani ya nyuzi za pamba mlikuwa na vipande vidogo sana vya kahawia, na kila kipande kilikuwa na mistari, mstari ndani ya mstari, jinsi gamba la samaki linavyokua mwaka kwa mwaka. Hakuna mtu duniani anayeweza kupaka mistari ile. Yalikuwa magamba. Yalikuwa yamelegea kwelikweli, yameshikizwa kwa gundi nyepesi, na gundi na spiriti haziivi chungu kimoja. Spiriti ilipopita gundi ikayeyuka, ikayaachia magamba, na pamba ikayazoa. Ndiyo maana fundi yeyote, kabla ya kugusa jiwe na pamba, anauliza kwanza, "Umetia gundi?" Ni swali la siku ya kwanza. Bi Harusi alifundishwa swali hilo na Shangazi.

Alikaa kwenye kiti cha baba yake. Huyu samaki alikaa ndani ya mwamba tangu dunia ikiwa changa, mafuriko yakapita juu yake, milima ikapita, na hakuna kilichomgusa. Aje aguswe na mimi, Shangazi aliwaza. Akalia kidogo. Na hata hapo, jamani, hata hapo katikati ya kilio, kijicho kikamnong'oneza: kumbe kweli alimsafisha vizuri hivyo! Magamba yote! Mkono gani huo? Akajifuta machozi kwa hasira, akatia pamba kwenye mfuko wa aproni. Akaamua kunyamaza. Bwana wa makumbusho anakuja kesho na gari. Samaki ameshaharibika, kusema hakutamrudishia magamba. Na jina linasubiri.

Kesho yake wote walikuwa karakana. Kasha lilikuwa tayari, seremala analisugua msasa kingo, na dume la samaki la Shangazi limelala mezani juu ya shuka safi. Shangazi alikuwa amevaa gauni la kutokea ndani ya aproni. Wakati wa chai Bi Harusi akaingia na birika. Akaliweka. Kisha akasimama katikati ya chumba, mikono ameishika mbele kama mtoto wa shule, macho yamevimba.

"Mume wangu. Wifi. Nataka kuomba radhi," akasema. "Ni kweli nilipaka."

Msasa ukasimama. Shangazi alihisi kama amemwagiwa maji.

"Nilitamani sana achaguliwe," Bi Harusi akaendelea. "Tamaa ikaniingia. Nikapaka. Wifi aliona sawa. Naomba mnisamehe, na kama inafaa nianze upya, nianze hata na kufagia."

Shangazi alimwangalia mdogo wake usoni na kuona kile kinyongo cha siku mbili kikiyeyuka, mabega yakishuka. Fundi akainuka. Akachukua birika, akamimina chai kwenye kikombe, akaweka sukari, akakoroga, akampa mkewe kwa mikono miwili.

"Kukosea kila mtu anakosea," alisema, na sauti ilikuwa imemlegea. "Lakini kusimama mbele ya watu ukasema nimekosa, hilo ni wachache. Mimi mwenyewe siliwezi. Wewe ni mtu mkubwa, mke wangu. Kunywa."

Sasa tuelewane. Fundi hakuwahi kummiminia mtu chai tangu azaliwe. Dada yake alimlea, alimpikia, alimfulia, alimwuguza surua, na hakuwahi kumiminiwa hata maji. Leo ana samaki wa daraja la kwanza mezani, anaingia makumbusho ya taifa, na hakuna aliyemwambia wewe ni mtu mkubwa. Anaambiwa nani? Yule! Kwa kosa! Tena kosa ambalo hakulifanya! Yaani mwanamke huyu anamzidi kwenye kusafisha, anamzidi kwenye kusifiwa, na sasa anamzidi mpaka kwenye kutubu!

"Muongo!" Shangazi aliruka. "Muongo mkubwa huyo! Hajapaka chochote!"

Wote wakamgeukia. Chai ikamwagika kwenye sahani.

"Msimpe sifa za bure! Hajakosa kitu, anatubu nini? Mwenye kosa ni mimi!" Alichomoa pamba mfukoni akaibwaga mezani. "Magamba hayo! Angalieni! Ni magamba yake, nimeyafuta mimi, sikuuliza gundi. Mimi! Sasa nimiminieni na mimi hiyo chai!"

Seremala akakaa juu ya kasha, msasa mkononi. Shangazi mwenyewe alikuwa anahema, mkono kifuani, na ndipo alipoyasikia maneno yaliyomtoka.

Fundi alinyoosha mkono. Safari hii aliomba lenzi. Shangazi akaivua shingoni, kamba ikamnasa kwenye kilemba, akaikwamua akampa. Fundi aliinamia pamba muda mrefu. Alipoinuka hakumwangalia dada yake, alimwangalia mkewe.

"Kwa nini ulisema umepaka?"

Bi Harusi alitazama kikombe. "Nilitaka uniongeleshe," alisema.

Fundi alikaa. Alijifuta uso kwa kiganja na vumbi jeupe likamganda kwenye mashavu. Shangazi alisubiri atukanwe. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Lakini mdogo wake alipofungua mdomo alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayevuta mwiba.

"Na mimi nina la kwangu, Dada. Tumeshaanza kusema, tumalize. Huyu samaki wako sikumpima."

"Hukumpima vipi? Umenipa mkono!"

"Nilikupa mkono. Lakini kumpima, sikumpima. Nilisimama mbele yake na lenzi, nikafumba macho, nikasema la kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga viatu. Nitakuchungulia makosa kwa jicho gani?"

"Huyu mmoja tu," Shangazi akasema.

Fundi akatikisa kichwa.

"Wote?"

"Wote, Dada. Tangu baba afe."

Shangazi alishika ukingo wa meza. Samaki wake wote, wale waliotapakaa kwenye majumba ya watu, daraja la kwanza, la kwanza, la kwanza, walimpita kichwani mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa amepimwa na mtu aliyefumba macho.

"Gari la makumbusho liko njiani," Fundi akasema. "Siwezi kuwapa samaki ambaye hajapimwa, na mimi siwezi kumpima, sijaweza maisha yangu yote." Akamnyooshea mkewe lenzi. "Pima wewe."

Bi Harusi hakuipokea mara moja. Alimwangalia wifi yake, na wifi yake akamwangalia, na kila mtu mle ndani alijua kitakachotokea. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu kakufutia samaki wako, kakuita mwizi mbele ya mumeo, kakulaza siku mbili na mgongo wa mume. Leo kalala mezani samaki wake yeye, na lenzi iko mkononi mwako. Atanipa la tatu, Shangazi aliwaza. Na lo, jinsi alivyolitamani hilo la tatu! Ampe! Akimpa la tatu itakuwa kisasi, kila mtu ataona ni kisasi, na yeye atajua mpaka anazikwa kwamba samaki wake alikuwa wa kwanza na wifi yake ni mtu mbaya. Alikuwa tayari kulikosa jina ili apate hilo.

Bi Harusi akainama. Alianza kichwani. Alipita kwenye meno, akasema peke yake, "Aa, meno mazuri haya," na alikuwa anamaanisha. Akashuka mbavuni. Akafika kwenye pezi la tumbo, akasimama. Akasogeza taa. Akaangalia tena, akaondoa jicho, akaipangusa lenzi kwenye kanga yake, akaangalia mara ya tatu, na ilionekana kabisa kwamba alikuwa anatafuta namna ya kutokuona alichokiona.

"La pili," alisema.

"Sababu?" Fundi akauliza.

"Hapa." Aliongea na Shangazi, si na mumewe. "Miiba ya mwisho ya pezi, hii hapa nyuma. Si mfupa, Wifi. Ni jiwe. Pezi liliishia hapa, wewe ukaendelea na kalamu, ukafuata pale ambapo miiba ingekuwa. Umeichonga. Umeichonga vizuri mno, yeyote angedanganyika. Lakini hakuna pezi hapo."

"Uongo!"

"Angalia mwenyewe."

Shangazi alimpokonya lenzi. Honi ikalia getini. Seremala akainuka aende kufungua, Fundi akamzuia kwa mkono. Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa jiwe. Mfupa wa samaki, hata uwe wa kale namna gani, ukiutazama kwa lenzi una vitundu vidogo kama vya sifongo. Miiba ya mbele ilikuwa navyo. Akasogea nyuma, mwiba kwa mwiba, macho yake yanamtoka maji kwa kukodoa, akitafuta vitundu. Aliomba viwepo. Aliomba wifi yake awe amesema uongo, awe na roho mbaya, awe amelipiza. Miiba ya nyuma ilikuwa na chembe za mchanga tu, chembe kwa chembe, jiwe tupu, limechongwa na mkono wake mwenyewe.

Honi ikalia tena. Fundi akatoka kwenda kuwaambia watu wa makumbusho kwamba hakuna samaki.

"Umeona, Wifi?" Bi Harusi aliuliza. Aliuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwenzake kazi.

Shangazi hakuinua kichwa. Alikuwa amekwisha ona, ila aliendelea kuangalia, maana maisha yake yote hakuna kitu alichowahi kukitamani kama alivyotamani, saa ile, kuwa ameonewa.